Amina ya Mama Tabita

Iko nchi moja ambayo jina lake tutaliacha hukohuko liliko, maana wakubwa wake ni wepesi wa kununa. Ina milima, ina mito, ina bendera mbili, moja ya siku za kazi na moja ya sikukuu, na ina Wizara ya Shibe yenye orofa kumi na moja. Katika wizara hiyo wataalamu walikaa miaka mitatu wakichunguza jambo zito: kwa nini mtoto mwenye njaa haelewi anachofundishwa? Walisafiri, wakalala hotelini, wakafanya semina zenye chai ya saa nne, chakula cha mchana na chakula cha jioni. Mwaka wa tatu jibu likapatikana, likasomwa redioni baada ya wimbo wa taifa kupigwa mara mbili. Mtoto akila, anaelewa. Asipokula, haelewi.

Akina mama waliokuwa wanasonga ugali saa hiyo waliacha mwiko juujuu wakatazamana. Kumbe!

Mmoja wao alikuwa Mama Tabita, mjane wa fundi seremala, mpishi wa Shule ya Msingi Ufanisi. Shule yake mwenyewe aliishia darasa la saba, na vitabu vyake vilikuwa viwili, Biblia na kitabu cha nyimbo za kanisani. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akiwapikia watoto uji kila siku ya shule. Wazazi walileta unga, kibaba kwa kibaba, mwenye karanga akaleta karanga, na mwenye ng'ombe akatuma maziwa kwenye kidumu. Saa nne watoto walikunywa, saa tano wakapiga hesabu, na hesabu zikapigika. Hakuna mtaalamu aliyewahi kufika kuwachunguza. Kabla ya kupakua uji, Mama Tabita alikuwa akifumba macho na kusema, "Asante Baba kwa chakula hiki, amina." Basi. Sala ilikuwa fupi kwa sababu uji unapoa.

Aliposikia tangazo la redio alifurahi kwa moyo mweupe. "Sasa watatuletea na sukari," alisema.

*

Hawakuleta sukari. Walileta picha.

Ilikuja kwenye gari la serikali, imefungwa kwenye blanketi kama mgonjwa. Ilikuwa picha ya sahani, kubwa kuliko mlango, na juu ya sahani kuna wali, samaki mzima, mchicha, kipande cha papai, na pembeni glasi ya maziwa. Aliyeileta alikuwa Bwana Faustini Kilimbo, Mratibu wa Shibe wa Wilaya, kijana mwenye tumbo lililomtangulia kazini. Alipigilia picha kwenye ukuta wa jikoni, akaiwekea kioo, na kioo akakitia kufuli.

"Chakula chenyewe kiko kwenye mchakato," alieleza. "Serikali yenu sikivu imeona msisubiri bure. Mtaanza na picha."

"Tufanye nini na picha, Bwana Mratibu?" aliuliza Mwalimu Mkuu Obadia, mtu mpole aliyekuwa amebakiza miaka miwili kustaafu na alipanga kuifikia akiwa hai.

Bwana Kilimbo akafungua waraka. Saa nne watoto watanawa mikono. Watapanga foleni, kila mmoja na sahani yake. Watapita mbele ya sufuria, na wanafunzi wa zamu watawapakulia kwa upawa. Kisha wataitazama picha na kutafuna, mara thelathini, kwa utulivu.

"Watatafuna nini?" aliuliza Mama Tabita.

"Watatafuna, mama. Mwili ukizoea utaratibu, siku chakula kikifika hakitapotea njia."

Uji ulipigwa marufuku, kwa kuwa haumo kwenye picha. Jiko likafungwa kwa mnyororo. Hata kiporo cha viazi kutoka nyumbani kilikatazwa, maana mtoto akija na kiazi chake atavuruga matokeo ya utafiti. Sufuria kubwa tu iliachwa mahali pake, chini ya picha, tupu, ikisuguliwa kila asubuhi.

Kulikuwa na kifungu kimoja zaidi. Watu wazima wote watakaokuwapo, mlinzi, mwalimu, hata waziri, watafumba macho wakati watoto wanapakuliwa na kutafuna. Ilikuwa imegundulika huko mikoani kwamba mtu mzima akitazama mtoto anavyotafuna hewa huingiwa na huzuni, na huzuni ni kinyume cha sera.

"Sasa mtajuaje kama watoto wamekula?" Mwalimu Obadia aliuliza.

Hapo Bwana Kilimbo alitabasamu, maana ndipo wizara ilipojipatia sifa. Sahihi hughushiwa, alisema, na mihuri huibwa. Lakini nani atathubutu kumdanganya Mungu? Kwa hiyo mpishi atasimama mbele na kutoa sala ya shukrani muda wote huo. Akisema amina, macho yatafumbuliwa, na mwalimu mkuu ataandika kitabuni: Chakula kimeliwa.

*

Siku ya kwanza kengele ya saa nne iligongwa. Watoto mia moja sabini na mmoja walinawa, wakajipanga, wakaanza kupakuliwa hewa na kutafuna. Watu wazima walifumba macho. Kimya.

"Mama Tabita," Bwana Kilimbo alinong'ona, macho bado amefumba. "Shukuru."

"Nashukuru kwa kipi?"

"Kwa chakula."

"Kipi?"

"Mama yangu, usinitie aibu mbele ya walimu."

Mama Tabita akafumbua macho. Foleni ilikuwa bado inapita mbele ya sufuria, na katikati yake alikuwamo Sayuni, mtoto wa darasa la tatu anayetoka ng'ambo ya mto, ambaye kila siku huondoka kwao kabla moto haujawashwa. Mwaka jana, enzi za uji, Sayuni alikuwa anakaa kwenye kizingiti cha jikoni akisoma kitabu cha nyimbo cha Mama Tabita kwa kidole, neno kwa neno, hadi akamaliza wimbo mzima. Sasa alipokea upawa mtupu kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kwa adabu, akasema, "Asante, dada."

Hilo goti ndilo lililomshinda Mama Tabita.

"Nimewahi kumwomba Mungu mengi," alisema, "na mengine kaninyima, tumesameheana. Lakini kumwambia asante kwa kitu ambacho sijakiona na yeye anajua sijakiona, hapana. Nitaomba kama ninavyojua." Akafumba macho. "Baba yetu uliye mbinguni, utupe leo riziki yetu..."

"Acha! Acha hapo hapo!" Bwana Kilimbo alirukia mkono wake. "Kuomba chakula hadharani ni kusema hakipo! Hilo ni lalamiko!"

Siku hiyo Mwalimu Obadia hakuandika kitu. Wala kesho yake. Mama Tabita alifika kila siku, akasugua sufuria, akasimama mbele, akafumba macho, akanyamaza.

Wiki ya sita Sayuni alikuja kwenye kizingiti na kile kitabu cha nyimbo, akakifungua, akakitazama, kisha akakifunga.

"Bibi, herufi zinaruka," alisema. "Kama kumbikumbi."

"Zishike kwa kidole."

"Nikizishika zinapita chini yake."

*

Wizara haikukaa bure. Katika magazeti ilitangazwa kwamba watoto wa nchi nzima wanakula kila siku, asilimia tisini na tisa nukta tisa. Ile nukta iliyopungua ilikuwa Shule ya Msingi Ufanisi. Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Polikarpo Mzengo, ambaye jina lake hutanguliwa na vyeo saba na kufuatwa na vinne, hakupata usingizi kwa ajili ya nukta hiyo. Akatangaza kwamba Jumatano ya wiki ya nane ataenda mwenyewe kuisikia amina ya Ufanisi kwa masikio yake.

Kwa kuwa sera ilihusu akili za watoto, siku hiyohiyo mchana darasa la tatu lingefanya mtihani wa kusoma. Matokeo yalijulikana mapema: watoto wanakula, kwa hiyo wataelewa. Atakayeshindwa kusoma, kosa haliwezi kuwa la chakula, basi ni la kichwa chake. Ataandikwa Asiyefundishika, atafukuzwa shule, na nafasi yake atapewa mwingine. Darasa la tatu la Ufanisi lilikuwa na watoto arobaini na wawili. Mwalimu wao aliwajaribu wiki moja kabla. Walisoma watatu, nao ni watoto wa wenye maduka, ambao mifuko yao ilikuwa na harufu ya maandazi ambayo mwalimu hakutaka kuijua.

Bwana Kilimbo alikwenda kwa Mama Tabita nyumbani, akaketi kwenye kigoda, kigoda kikalalamika.

"Mama, nakuja kama mwanao. Jumatano ukinyamaza, kazi huna. Na mimi sina. Na hao watoto unaojifanya kuwahurumia hawatakusaidia kitu."

"Faustini," alisema Mama Tabita, naye alikuwa na haki ya kumwita hivyo, "ulikunywa uji wangu miaka mingapi?"

Mratibu akatazama kucha zake. "Saba."

"Na ulikuwa unakuja mara ya pili, unageuza shati ili nisikujue."

"Mama, hayo ni ya utotoni."

"Nilikuwa nakujua. Nilikuwa nakujazia. Ndiyo maana leo unaweza kusoma waraka."

Bwana Kilimbo aliinuka akarekebisha mkanda, na aliposema tena alisema kikazi. Msafara wa waziri ulikuwa na watu sitini, na watu wa msafara hawawezi kutazama picha. Utaletwa mchele, mbuzi wawili, kuku, samaki, mchicha, mapapai na maziwa. Jiko litafunguliwa kwa siku moja. Mama Tabita atapika.

"Kwa watu sitini?"

"Kwa watu mia na themanini. Mtu mmoja wa wizara hula kwa watatu."

Mia na themanini. Mama Tabita aliirudia hesabu hiyo moyoni kama mtu anayerudia mstari wa zaburi, kisha akasema:

"Jumatano nitashukuru."

Bwana Kilimbo nusura ambusu.

"Lakini sala iwe yangu, na nisikatizwe. Na chakula kisiende mezani mapema kikapoa. Kikae kwenye sufuria, chini ya picha, mpaka amina."

"Mama yangu! Hata wiki nzima kikae!"

Usiku huo Mama Tabita alipiga magoti kando ya kitanda. Hakuomba kitu. Alimwambia tu Mungu alichotaka kufanya, akangoja kidogo kama kungekuwa na pingamizi. Pingamizi halikuja. Akalala.

*

Jumatano gari zilikuwa ishirini na mbili, na vumbi lake liliendelea kushuka mpaka adhuhuri. Uwanjani palikuwa na turubai, meza ndefu yenye kitambaa cheupe, na viti sitini. Pale jikoni palitoka harufu ambayo haikuwahi kutoka hapo tangu shule ijengwe. Mbwa wa vijiji vitatu walikaa nje ya uzio kwa nidhamu.

Mama Tabita alikuwa ameamka alfajiri. Wali, nyama na mchuzi vilijaa ile sufuria kubwa na nyingine tatu alizoziazima kanisani. Sayuni alipopita kwenye kizingiti aliuliza kwa sauti ndogo, "Bibi, leo tufanyeje?"

"Kama siku zote, mwanangu. Msibadilishe kitu."

Mheshimiwa alihutubia kwa saa nzima. "Ndugu wananchi," alisema, "zamani mtoto wa nchi hii alikuwa anakula chochote alichokikuta. Uji! Viazi! Vitu visivyo na mpangilio! Leo hii mtoto wetu anajua samaki anakaa upande gani wa sahani. Nani kati yenu alijua hilo akiwa darasa la tatu? Nyoosheni mikono! Mnaona?" Watu wa msafara walipiga makofi huku pua zao zikielekea jikoni.

Kengele ikagongwa. Watoto wakanawa. Wakajipanga.

"Macho!" aliamuru Bwana Kilimbo, na watu wazima wote wakafumba macho, waziri, makatibu, walinzi, wapiga picha, walimu. Mheshimiwa alifumba kwa nguvu kuliko wote, ili aonekane mcha Mungu na wale ambao hawamwoni.

Mama Tabita akasimama kando ya sufuria. Na leo hakufumba, maana mpishi anayesimamia sufuria hafumbi.

"Tunakushukuru, Baba," alianza, "kwa chakula hiki."

Watoto wa zamu walitumbukiza upawa kama siku zote. Safari hii ulirudi mzito. Yule wa kwanza kupakua alimtazama Mama Tabita, na Mama Tabita akatikisa kichwa kwenda chini, mara moja. Basi. Wiki nane walikuwa wamefundishwa kupakua bila kumwaga, kupokea bila kugombana, kutafuna bila kuongea. Hakuna jeshi la nchi hiyo lililokuwa limefanya mazoezi kama wao.

"Tunakuombea Mkuu wa Nchi yetu," aliendelea Mama Tabita, na wageni waliokuwa wameanza kukohoa wakatulia, kwa sababu katika nchi hiyo hakuna aliyewahi kukatiza sala ya Mkuu wa Nchi akabaki na kiti. "Umpe afya ya kichwa. Umpe afya ya shingo inayokibeba. Umbariki na Makamu wake. Umbariki na Makamu wa Makamu. Tunakuletea mawaziri, Baba, mmoja mmoja, kwa majina."

Walikuwa thelathini na wanne. Aliwataja kwa vyeo vyao vyote, bila kuruka. Alikuwa ameyasoma majina hayo kwenye kalenda ya serikali iliyotundikwa ofisini kwa Mwalimu Mkuu, na mwenye darasa la saba la zamani hasahau alichokariri. Foleni ilikuwa inasogea. Mifupa ya kuku ilikuwa inasema kidogo.

"Wanatafuna vizuri," Mheshimiwa alimnong'oneza katibu wake.

"Mazoezi, Mheshimiwa."

"Hata harufu wanaifanya."

Mwalimu Obadia alifumbua jicho moja. Aliona sahani zilizojaa, aliona Sayuni akinyonya mfupa huku machozi yanamtoka bila sauti, akalifumba jicho lile upesi, akalifumba kweli, kama mtu aliyejibiwa.

Baada ya mawaziri wakaja wakuu wa mikoa. Baada ya wakuu wa mikoa, Mama Tabita aliwakumbuka wataalamu wa orofa kumi na moja, orofa kwa orofa, kuanzia chini. "Uwakumbuke, Baba, na uchovu wao. Miaka mitatu walitafuta kitu kilichokuwa kwenye sufuria hii, nao walipita na gari hapo barabarani." Matumbo ya msafara yalikuwa yanaunguruma chini kwa chini. Mtu mmoja aliketi, akasukumwa akasimama.

Foleni iliisha. Upawa ukakwaruza chini. Mtoto wa zamu akainamisha sufuria ya mwisho, akakomba, akajipakulia, akala. Watoto wakarudi kwenye mistari, sahani mikononi, midomo inang'aa mafuta.

"Na uwape hawa waliofumba macho," alimaliza Mama Tabita, "siku moja wafumbue. Amina."

"AMINA!" watoto walijibu, na sauti ile iliwashtua hata mbwa.

*

Mheshimiwa alifumbua macho, akatabasamu kuelekea kamera, akaelekea mezani. Kitambaa kilikuwa cheupe kama kilivyokuwa.

"Chakula kiko wapi?"

"Kimeliwa, Mheshimiwa," alisema Mama Tabita.

Mwalimu Obadia alikuwa tayari anaandika. Chakula kimeliwa.

Bwana Kilimbo alikimbilia sufuria, akaingiza kichwa, sauti yake ikatoka kama ya mtu kisimani. "Wamekula! Watoto wamekula chakula cha wageni!"

"Hawa?" Mama Tabita alishangaa. "Bwana Mratibu, watoto wa nchi hii hula kila siku, wameandika magazetini. Mtoto aliyeshiba kila siku wiki nane atawezaje kumaliza chakula cha watu mia na themanini? Au unataka kusema walikuwa na njaa?"

Wapiga picha wakainua kamera. Waandishi wakashika kalamu. Mheshimiwa Polikarpo Mzengo aliwatazama watoto, akamtazama Bwana Kilimbo, na kwa mara ya kwanza tangu ateuliwe akalazimika kufikiri akiwa hajala. Lilikuwa jambo gumu. Jasho lilimtoka.

"Hakuna mtoto mwenye njaa katika nchi hii," alisema hatimaye. "Chakula kimeliwa na wageni. Kilikuwa kitamu. Tuendelee."

Na msafara wa watu sitini ukapiga makofi, ukajifuta midomo mikavu.

Mchana darasa la tatu lilifanya mtihani. Msimamizi kutoka wizarani, ambaye tumbo lilikuwa linamwuma kwa njaa, alisahau swali la pili akalirudia mara tatu. Watoto wakamkumbusha la tatu. Sayuni aliitwa mbele akapewa ukurasa. Aliweka kidole juu yake. Herufi zilikaa. Akasoma mstari wa kwanza polepole, wa pili upesi, na alipofika mwisho wa ukurasa akaugeuza bila kuambiwa, akaendelea mpaka msimamizi akamwomba aketi. Walifaulu arobaini na mmoja. Yule mmoja aliyeshindwa alikuwa mtoto wa mwenye duka, aliyevimbiwa.

*

Wizara iliunda tume. Tume ilikaa miezi minne, semina tisa, ikajiuliza kwa nini watoto wa Ufanisi walifaulu na wa kwingine wakashindwa. Picha ilikuwa ileile ya shule zote. Waziri aliyekuja ni yuleyule anayekwenda kote. Kitu pekee kilichokuwa tofauti, tume ilibaini, ni urefu wa sala. Kwingine sala ilichukua nusu dakika. Ufanisi, dakika hamsini.

Jibu likasomwa redioni baada ya wimbo wa taifa: sala ikiwa ndefu, mtoto anaelewa. Kuanzia sasa, katika kila shule, kila kiongozi anapotembelea, sala isipungue dakika hamsini.

Bwana Kilimbo mwenyewe ndiye aliyeleta barua, maana Mama Tabita alikuwa amepandishwa cheo. Atazunguka nchi nzima kuwafundisha wapishi wote namna ya kushukuru.

Mama Tabita aliisoma barua mara mbili, akavua miwani.

"Nina maswali mawili, Bwana Mratibu. Viongozi wakitembelea shule wataendelea kuja na chakula chao?"

"Bila shaka, mama. Kiongozi hawezi kutazama picha."

"Na wakati wa sala wataendelea kufumba macho?"

"Ni sheria."

Mama Tabita akaikunja barua, akaiweka ndani ya Biblia, akachukua mtandio wake.

Darasa lake la kwanza lilikuwa la wapishi themanini, akina mama watupu, walioketi kwenye madawati ya watoto magoti yakigusa videvu. Hakuwapa daftari. Aliwauliza nani kati yao anayajua majina ya mawaziri wote, na mkono haukunyooshwa hata mmoja.

"Basi tutaanza na hayo," alisema. "Myakariri taratibu, na vyeo vyao vyote. Halafu nitawafundisha jambo la mwisho, nalo ndilo kubwa. Usiseme amina kwa kuangalia saa. Tega sikio. Ukisikia upawa unakwaruza chini ya sufuria, hapo Mungu amekusikia."